Bomba la plastiki linatuwekea sumu au tunalisingizia tu?

Mwezi uliopita mwenye nyumba wetu hapa Tabata kang'oa mabomba yote ya chuma kaweka PPR, yale ya kijani yanayoungwa kwa pasi ya moto. Wiki ya kwanza maji yakawa na harufu ya ndoo mpya, basi mpangaji mwenzetu mmoja akaanza kampeni kwamba tunanyweshwa plastiki, bora turudishiwe chuma. Fundi akamwambia "mama, njoo uone nilichotoa humu ukutani". Kipande cha bomba la inchi moja, tundu lililobaki kidole hakipiti, kutu tupu.

Mi hapo niko na fundi, ila sio moja kwa moja.

Wanaosifia chuma wanasahau tunaishi wapi. Dar visima vingi ni maji chumvi, kwa hiyo bomba linaliwa, ile zinki iliyopakwa juu ya chuma ikishaisha inabaki kutu, na hiyo zinki yenyewe mara nyingi huwa na risasi (madini ya sumu, lead) kidogo ndani yake, kama zilivyo koki nyingi za brasi. Mambo ya risasi sio ya kuchezea, kule Flint, Marekani, mwaka 2014 walibadili chanzo cha maji bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, risasi ya mabomba ya zamani ikaingia kwenye maji mpaka watoto wakapimwa damu wakakutwa nayo. Na risasi huitoi kwa kuchemsha, ukichemsha maji yanapungua yenyewe inabaki palepale.

Sasa tusije tukafanya plastiki malaika. Harufu ile ni kweli, bomba jipya linaachia kemikali kidogo kidogo, hasa maji yakilala humo usiku kucha au yakipata joto, na gundi ya kuungia PVC, yale mabomba mengine ya plastiki ngumu, nayo ina vimiminika vyake ambavyo vinatakiwa vikauke kwanza kabla hujafungulia maji, sio fundi anapaka saa nne saa tano mnakinga. PVC inatengenezwa kwa vinili kloraidi ambayo inasababisha kansa, WHO wanataka isizidi mikrogramu 0.3 kwa lita ya maji ya kunywa. Mabomba yaliyotengenezwa vizuri inabaki kidogo sana, shida ni la bei ya kutupa lisilo na maandishi yoyote ubavuni, hilo nani anajua limechanganywa nini? Halafu kuna ule ute unaoota ndani ya bomba, baadhi ya plastiki zinawapa bakteria chakula kabisa. Kuhusu vipande vidogo vidogo vya plastiki kwenye maji, WHO mwaka 2019 walisema ushahidi uliopo hauonyeshi hatari kubwa ila utafiti bado mchache, kwa hiyo hapo sina makelele.

Kinachonitisha mimi ni moto. Novemba 2018 mji wa Paradise, California, uliungua, na baadaye wakapima maji wakakuta benzeni, kemikali ya kansa ya damu, na mabomba ya plastiki yaliyopata joto yakawa kati ya vilivyonyooshewa kidole. Utasema sisi hatuna moto wa msitu, sawa, lakini ni fundi gani hujawahi kumuona anawasha karatasi anababua PVC ili aikunje au atanue mdomo asinunue soketi? Likishakuwa jeusi analifuta na kitambaa anaunga, maisha yanaendelea. Na petroli pia, ikimwagika kwenye udongo inaweza kupenya bomba la poli, lile jeusi la roli, bila hata tundu, sasa fikiria zile gereji za chini ya mwembe, oili inamwagwa chini na bomba la mtaa linapita hapohapo.

Ila ukiniuliza kosa kubwa la plastiki nitakwambia sio kemikali, ni urahisi wake. Bomba la chuma lilitaka fundi, spana na hela, hili jeusi la roli unabeba begani unalitambaza mwenyewe kilomita nzima, juani, ndani ya mtaro, chini ya choo cha jirani, popote. Mchana klorini inapungua kwa joto, jioni mgao ukianza presha inakufa, na bomba lisilo na presha lenye ufa linanyonya kilicho nje. Mtaroni kilicho nje unakijua.

Harufu ya PPR iliisha kama wiki ya tatu hivi, tulikuwa asubuhi tunaacha maji yanatiririka kwanza tunadekia, ndio tunakinga ya kunywa. Yule mama amenyamaza. Juzi nikafuata laini kutoka kwenye mita mpaka getini, kumbe fundi alibadilisha ya ndani tu, ya nje ni lilelile jeusi, limelala kwenye mtaro, limefungwa raba ya tyubu ya baiskeli sehemu mbili na moja inavuja. Nimempigia mwenye nyumba, kasema hiyo ni nje ya ukuta wake.