Kioo Hiki Hakionyeshi, Kinabana

"Msanii ni kioo cha jamii." Nimeisikia redioni, kwenye semina na kwenye mahojiano ya wanamuziki, mpaka imechuja. Kila anayeisema huwa na kioo kimoja tu kichwani, kile cha kujitazamia, cha kabatini au cha saluni. Lakini cha dirishani nacho si kioo? Na hicho kazi yake si kukurudishia sura.

Hayo yalinijia nilipotazama tena picha alizojipiga msanii Ana Mendieta mwaka 1972, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kachukua kipande cha kioo, kakikandamiza usoni. Pua inalala upande, midomo inapinduka nje, shavu linakuwa bapa kama chapati. Picha inayofuata, uso uleule, mtu mwingine kabisa. Kisha kioo kinahamia kifuani, tumboni, makalioni.

Utasema ni mchezo wa watoto. Ni kweli, nami nimeucheza sana kwenye dirisha la daladala, kumchekesha mtoto wa gari la pili kwenye foleni, mpaka mama akanizaba kofi la mgongo kwa sababu kioo kilikuwa kichafu. Ila mtoto hubana akijua kwamba akiuondoa, uso wake utarudi ulivyokuwa.

Mendieta hakuwa na hakika hiyo, kwa ninavyomsoma mimi. Alizaliwa Havana mwaka 1948. Mwaka 1961, akiwa na miaka 12, yeye na dada yake walipelekwa Marekani bila wazazi, katika mpango uliowatoa Kuba watoto zaidi ya 14,000. Wakaishia Iowa, mara makao ya watoto, mara familia za kulea. Kwao walikuwa watu wenye nafasi, waliohesabiwa weupe. Iowa akakuta amekuwa mtu wa rangi. Ngozi ni ileile aliyoshuka nayo kwenye ndege. Waliobadilika ni watazamaji. Jina hilo hakulikimbia: mwaka 1980 alishiriki kuandaa maonyesho huko New York ya wanawake wasanii wa Dunia ya Tatu walioishi Marekani.

Kwa hiyo kile kioo nakiona kama jicho la watu. Halionekani, lakini lina uzito, nalo likikukalia usoni miaka kumi na moja lazima liache alama. Kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba anayebana ndiye anayebanwa. Wapo wanaosifu hapo ujasiri wake, kwamba mwili ni wake na kaushika mwenyewe. Sawa. Mimi naona pia mtu aliyekwisha kujifunza kujibana kabla hajabanwa na wengine, na hilo halihitaji kwenda Iowa.

Maana Kiswahili kina kioo kingine tena, cha simu. Binamu yangu hapandishi picha mtandaoni kabla programu haijamchongoa pua. Juzi nilimpa simu yangu, yenye ufa tangu Machi, azione picha za Mendieta. Akacheka ya kwanza. Ya pili akaikuza kwa vidole viwili, akakaa nayo kimya.

"Mbona kajiharibu hivi?" akauliza. Kisha, akiwa bado ameinama: "Hebu nitafutie pua yake ya kweli."