Njia ya Baiskeli Ina Wenyewe, Mimi Napita Tu

Jamani, naomba niulize, na anayejua anijibu bila kunizungusha. Ile njia ya pembeni ya Barabara ya Morogoro, inayotoka Kimara mpaka mjini, waliijenga kwa ajili ya nani? Maana mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria, sisi wakazi wa Dar es Salaam tulielezwa vizuri tu: katikati mabasi, pembeni yake magari, na pembeni kabisa waenda kwa miguu na wenye baiskeli. Nikashangilia. Nikamwambia mama watoto, sasa nitafika Kariakoo kazini shati likiwa safi na roho ikiwa mahali pake. Mwaka 2018 jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na hizo njia zetu zilikuwamo kwenye sifa. Watu wakapongezana. Mgawo wangu sijauona mpaka leo.

Ninachokiona mimi ni wapangaji. Ukifika Manzese, viatu vya mitumba vimepangwa katikati ya njia, vimepakwa kiwi, vimekutolea macho. Unapiga kengele. Muuzaji hasogezi kitu, anakuangalia miguu.

"Mzee, unavaa namba ngapi?"

"Napita, kijana."

"Sawa, lakini namba ngapi?"

Ukishuka uikokote kwa heshima, umeshakuwa mteja. Unaingia barabarani kumkwepa, unakutana na daladala ambalo konda wake anakupigia bodi kwa kiganja: "Wee mzee, rudi kwenye njia yako!" Njia yangu! Kwani huko nilikotoka nilikuwa wapi?

Na bodaboda. Hawa sitaki kuwasema vibaya, maana usiku mvua ikinyesha na mtoto akiumwa, ndio hao hao ninaowapigia simu. Lakini kijana anakuja upande wangu, anakoelekea siko kunakoelekea watu, kapakia mishikaki, abiria wawili na ndoo, taa kaiwasha yote, ananipigia honi nimpishe. Halafu kinachoniuma zaidi, ananisalimia! "Shikamoo mzee, pisha kidogo!" Sasa shikamoo haiachwi hewani. Inabidi niitikie marahaba huku gurudumu la mbele linaingia mtaroni.

Mwenye baiskeli mjini hapa ni popo: ndege wanamkana na wanyama wanamkana. Waenda kwa miguu wakikuona wanasema we chombo cha moto, kaa na wenzako. Wenye vyombo vya moto wanasema we mwenda kwa miguu uliyepata mahali pa kukalia. Kila upande unataka uombe radhi, na mimi nimeshaomba radhi kwa watu mpaka nimeomba radhi kwa nguzo ya umeme pale Shekilango, nikidhani ni mtu.

Tena ingekuwa usumbufu ni mmoja mwaka mzima, ningeuzoea. Kila majira yana wake. Ukishamaliza kujifunza kuishi na watu wa kiangazi, mvua inakuletea kundi jipya.

Tuanze na masika, Machi mpaka Mei, maana hapo ndipo ninapozeeka. Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya Kichina, ya kizee, breki zake za vyuma vinavyovuta raba zikabane rimu. Kiangazi ni breki safi. Nikishika kituo cha Usalama, nasimama hapo hapo Usalama. Masika nashika Usalama, nasimama Magomeni Mapipa. Rimu ikilowa, raba inateleza tu juu ya maji, inapiga stori. Dawa yake ni kuanza mapema: unaminya kidogo, unaachia, unaminya tena, ule mguso wa kwanza unafuta maji, wa pili ndio unaoshika. Ukisubiri umfikie mtu ndipo uminye, salamu mtapeana hospitalini.

Halafu madimbwi. Kuna vijana wanapita dimbwini kwa mbwembwe, miguu wameinua juu, wanacheka. Wenzenu mifuniko ya mitaro ilishaondoka kitambo, ilikwenda kupimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi madimbwi yangu nayajua toka kiangazi, yakiwa bado mashimo. Lile la karibu na kituo cha Kagera naweza kukutajia mpaka kona zake. Dimbwi nisilolijua silipiti, nashuka, naikokota, na anayetaka kucheka acheke.

Mvua ikinyesha, njia ya waenda kwa miguu inajaa maji, wote wanahamia kwangu. Siwalaumu, waende wapi? Lakini wanakuja na miavuli. Mwavuli umezungukwa na ncha, na ncha zote, kwa maajabu ya Mungu, ziko usawa wa macho ya mtu aliyepanda baiskeli. Mwenye mwavuli mwenyewe haoni kitu, kauinamisha mbele kukinga mvua, anatembea kwa kukariri.

Masika iliyopita, pale Mapipa, kulikuwa na dimbwi limetanda njia nzima, limebaki kijinjia cha kupita mtu mmoja. Upande wa pili amesimama dada wa ofisini, blauzi nyeupe, miguuni malapa, viatu vyenyewe kavishika mkononi ndani ya mfuko. Mimi mtu wa adabu. Nikafunga breki mbali, nikaweka mguu chini, nikamwashiria kwa mkono.

"Pita dada."

"Pita wewe."

"Hapana, pita wewe kwanza, nisije nikakurushia maji."

"Baba, mimi nasubiri upite ndipo nipite. Siwaamini nyie."

Nyie! Mimi na nani? Nikashuka kabisa kwenye baiskeli nimwoneshe kwamba sina nia mbaya. Yeye akarudi nyuma hatua moja, ndio kwanza akanishuku zaidi. Tukabaki tunapishana kwa maneno, pita, pita wewe, hapana pita, na bodaboda akatokea huko alikotokea, akakata katikati yetu, bwaaa! Maji ya kahawia mpaka kwenye kope. Kijana alishafika Jangwani. Dada akaitazama blauzi yake, akanitazama mimi niliyelowa kuliko yeye, akasema: "Unaona sasa ulichofanya?"

Nikasema samahani. Ningesema nini?

Mkitaja Jangwani mnanitonesha. Mto Msimbazi ukijaa, pale maji yanapanda barabarani, barabara inafungwa, mabasi yanasimama, na mji unakatika vipande viwili. Watu wamejaa kila upande wanatazamana. Kuna vijana wanavusha watu, wameshapanga na bei: mtu peke yake, mtu na mzigo, na baiskeli inahesabiwa mtu mzima. Mimi maji yakishapita juu ya lami nageuza, sibishani na mto. Nikampigia bosi kumpa taarifa. "Wewe si una baiskeli?" anasema. "Foleni haikuhusu!" Bosi wangu amesoma, ana vyeti ukutani, lakini boti na baiskeli anavichanganya.

Mvua zikiisha, unadhani unapumzika. Inaingia kipupwe, Juni mpaka Agosti, hali ya hewa tamu, na mji mzima unakumbuka kwamba daktari alisema kitu kuhusu tumbo. Wakimbiaji! Wanne wamepanga mstari, bega kwa bega, wameziba njia yote, wanazungumzia presha zao. Na kipindi hicho jua linachelewa. Julai linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu hivi, wakati Novemba saa kumi na mbili haijafika limeshatoka. Kwa hiyo saa ile ile niliyozoea kutoka nyumbani inageuka giza, na ndugu yetu mkimbiaji kavaa nyeusi juu mpaka chini, masikioni kaweka muziki. Nilipiga kengele. Nikakohoa. Nikasema samahani kaka. Mwisho nikapiga hodi, ndiyo, hodi, barabarani! Akatoa kitu kimoja sikioni, akageuka: "Unaniambia mimi?" Hapana, namwambia mwenye nyumba.

Tangu hapo taa naifunga mbele nyeupe na nyuma nyekundu ikifika Juni, mtu asiniambie hakuniona. Na upepo wa kusi nao una jambo langu: asubuhi nikishuka mjini unanisukuma kifuani. Jioni kilima cha kurudi Kimara kinanisubiri, na hapo ndipo upepo unapotulia.

Mwezi wa Ramadhani hauna majira maalumu, unazunguka mwaka mzima, lakini popote unapoangukia, ile nusu saa kabla ya adhana ya magharibi mimi huendesha polepole na kumpisha kila mtu bila kuuliza. Tende, tambi, maandazi na uji vimeshapangwa njiani, wenye magari wana njaa, wenye bodaboda wana njaa, mimi mwenyewe nina njaa. Mji mzima una njaa na unakimbia kwenye futari. Usibishane na mtu saa hizo kuhusu haki yako ya njia.

Kiangazi sitakisema sana, mnakijua, kile cha upepo wa kaskazi, Januari na Februari, joto linalokufanya ufike kazini umelowa bila mvua. Ila kiangazi ndipo wanapoongezeka watu ninaowaheshimu kwa moyo mmoja: wauza madafu. Mtu kapakia madafu kushoto, kulia na katikati, panga kalichomeka juu, baiskeli imekuwa pana kuliko bajaji, anaikokota katikati ya njia na hakuna wa kumgusa. Huyu ni mwenzangu, ana haki kunizidi. Nikimkuta nakaa nyuma yake nasubiri. Sasa ukikaa nyuma ya madafu kwenye joto lile, ukiyaangalia yanavyotikisika, utafanyaje? Njia nzima iko wazi na mimi nimesimama nakunywa, nalipa.

Na wale wa mkaa. Hawa nasema kwa dhati, mchana wa leo bila utani: ukimwona mtu anashuka kilima cha Kimara na magunia yaliyompita kichwa, mpishe, hata kama wewe ni waziri. Nyuma haoni, na ule uzito breki hausikilizi. Piga kengele ukiwa mbali ajue upo, mpite kulia kukiwa na nafasi ya kutosha, na usikate mbele yake ghafla. Kengele ya karibu inamshtua, na akishtuka magunia yanachagua wenyewe pa kwenda. Mimi mmoja aliwahi kunishukuru. "Asante mzee, Mungu akubariki." Nilifika kazini nimenyooka, nikamsalimia hata mlinzi ambaye hatuelewani.

Haya, sasa vuli inabisha hodi. Maembe yameshaingia sokoni, na maganda yake njiani. Ganda la embe bivu chini ya tairi halina mwenyewe wala halina samahani. Juzi nikampelekea fundi baiskeli akaiangalie kabla mvua haijachanganya. Kakaa chini ya mwarobaini wake, akaipindua magurudumu juu, akazungusha, akaminya breki, akatikisa kichwa.

"Mzee, hapa raba hakuna. Ulikuwa unasimama kwa dua."

"Weka mpya, zote nne."

"Tairi nipunguze upepo kidogo, zishike kwenye maji?"

"Punguza. Kidogo lakini, kuna kilima."

Akaigusa kengele kwa kidole, ikalia vizuri, tiriring, mpaka kuku wakageuka. "Hii ni nzima."

"Nzima ndiyo, lakini anayeisikia nani? Niwekee honi ya lori."

Fundi akanitazama aone kama nacheka. Sikucheka. "Honi ya lori inataka betri ya lori, mzee."

"Si utaifunga kwenye keria."

"Kwenye keria?" Akaweka spana chini. "Na shemeji utampakia wapi?"

Nikafikiri kidogo, nikamuuliza betri ya lori wanauza bei gani siku hizi.