Tenki la chuma linabebeshwa lawama za wengine

Kwa wenye malori wa Nyakato na Igoma limeshazoeleka neno moja: tenki la dizeli likitoboka, tafuta la alumini hata kama ni la mtumba, kwa sababu tenki la chuma lililoundwa na fundi wa hapa Mwanza litakuja kuua nozeli, yaani vinyunyizi vya dizeli ndani ya injini. Wanaosema hivyo hawabahatishi. Wengi wamewahi kulipia pampu na nozeli zilizoharibika miezi michache baada ya tenki jipya kufungwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata hivyo, kila ninapofuatilia tenki lililoleta hasara ya namna hiyo, nakuta kosa liko kwenye bati lililochaguliwa, au kwenye maji ambayo hayakuwekewa njia ya kutoka, au kwenye ufungaji.

Alumini ina sifa zake. Haitoi kutu nyekundu, na tenki la kiwandani huja na kuta za ndani zinazozuia dizeli kusukasuka lori linapofunga breki. Lakini sifa inayorudiwa kuliko zote ni wepesi, na hiyo inastahili kupigiwa hesabu. Tenki la lita 400, lenye urefu wa sentimita 95 na upana na kimo cha sentimita 65, hula bati la mita za mraba 3.3 hivi. Kwa chuma cha milimita 2, bila kuhesabu kuta za ndani, litakuwa na kilo 52. Kwa alumini ya milimita 3, kwa kuwa alumini ni laini na lazima iwe nene zaidi, litakuwa na kilo 27. Tofauti ni kilo 25, yaani uzito wa lita 30 za dizeli. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56, na kilo 25 hazifikii hata sehemu moja ya elfu mbili ya uzito huo. Dereva anayeondoka na nusu tenki amepunguza kilo 168 bila kununua kitu. Kwa hiyo mtu anayelipa fedha nyingi zaidi kwa ajili ya mizani anapaswa kujua kwamba amenunua nafuu ndogo mno.

Hoja ya kutu ni nzito zaidi, na siipuuzi. Lori likilala na nusu tenki katika hewa yenye unyevu wa ziwa, mvuke ulio juu ya dizeli hupoa usiku na kuwa matone, ambayo hushuka hadi chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Kutu huanzia hapo chini, na pia juu, pale ambapo dizeli haigusi chuma. Injini za sasa zinazosukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,600 hazivumilii chembe hizo hata kidogo. Lakini maji hayo hayo huila alumini pia kwa vishimo vidogo vidogo, na hustawisha ukungu mweusi unaoziba filta. Dawa ya matenki yote mawili ni ile ile: boliti ya kumwagia maji mahali pa chini kabisa, bomba la kunyonyea lisilogusa sakafu ya tenki, na kujaza mafuta jioni badala ya asubuhi.

Kosa ambalo limeharibu jina la chuma kuliko kutu ni bati la zinki, yaani chuma kilichopakwa zinki juu. Fundi huona bati linalong'aa, lisiloshika kutu, akadhani anamtendea mteja wema kwa kulitumia. Dizeli hula zinki polepole, na kinachopatikana ni utando kama sabuni unaokwenda kuganda kwenye filta na nozeli. Mwenye lori akija kuhesabu hasara, husema chuma kimemponza. Chuma cheusi cha kawaida, kilichosuguliwa na kusafishwa vizuri ndani, kisingemfikisha hapo.

Katika gereji moja ya Nyakato nililalia mgongo chini ya kichwa cha lori lenye tenki la alumini lililokuwa likitoa jasho la dizeli. Mpira ulioko kati ya tenki na mkanda wa chuma ulikuwa umechomoka, changarawe zimeingia, na mkanda ulikuwa umechimba mfereji ambao ukucha wangu ulizama ndani yake, na unga wa kijivu umejaa pembeni. Tenki hilo halikuwa na kosa. Aliyelifunga hakurudi kukaza nati baada ya safari ya kwanza, wakati mpira mpya umeshajibana. Kuliziba nako kulisumbua, kwa kuwa ngozi ya juu ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660, na fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni hapatikani kila kona kama apatikanavyo mchomeleaji wa chuma.

Mwenye lori jipya, mwenye uwezo wa kununua tenki jipya la alumini la kiwandani, simzuii. La mtumba, ambalo historia yake haijulikani, silioni likilishinda la chuma cheusi lililoundwa vizuri. Anayeagiza la chuma adai kuliona kabla halijapakwa rangi, akague matundu ya kuta za ndani, chini ya kupitisha dizeli na juu ya kupitisha hewa, kisha lipimwe kwa hewa kidogo na povu la sabuni kwenye kila mshono. Hewa iwe kidogo kweli: kompresa ya kujazia matairi ikifikisha bari moja tu, ubavu mmoja wa tenki hilo la lita 400 unasukumwa kwa nguvu ya tani sita, na mishono mizuri inaweza kupasuka siku ile ile ya kupimwa.