Dawa ya deni imekwisha nguvu

"Bi mkubwa, mfumo unakataa."

Hayo ndiyo maelezo, mwanzo mpaka mwisho. Nilimsindikiza mpwa wangu kwenye benki moja hapa mjini, siitaji kwa sababu akiba yangu bado imo humo. Afisa aliyetupokea kijana mwenye adabu zake, siku yenyewe Ijumaa, kanzu haina hata mkunjo. Kaulizwa mfumo umekataa nini, kaitazama kompyuta, kisha kaigeuza kidogo ili sie tusiione. "Kuna taarifa za zamani." Za lini, zimeletwa na nani, zinasemaje? Hajui. Mfumo.

Mpwa wangu hakuomba jumba. Aliomba kadi ya mkopo, ile unayolipia leo ukarejesha mwisho wa mwezi, na kiwango chenyewe kidogo. Kazi yake kutembeza wageni. Mgeni anamwandikia kutoka Italia, nipangie ndege ya Pemba, nishikie chumba Nungwi, na huko mtandaoni chumba hakishikwi kwa maneno matamu. Kinataka namba ya kadi yenye uwezo, leo hii, na pesa ya mgeni itafika keshokutwa. Kadi yake ya kawaida inatoa kilichomo tu. Kama hakimo, mgeni anakwenda kwa mwengine.

Hizo taarifa za zamani mie nnazijua, Jang'ombe nzima inazijua. Mwaka 2019 alichukua mkopo akanunua Noah. Machi 2020 korona ikaingia, na kufika Aprili hakuna ndege ya watalii inayotua, Paje kumekauka, Noah imefunikwa turubai uani. Rejesho la mwezi lenyewe halikuugua. Likaja Aprili, likaja Mei, likaja Juni. Akachelewa, mwisho akashindwa. Gari ikauzwa kwa bei ya kutupa, haikutosha. Wifi yangu akavua bangili zake zikaenda kwa sonara. Kilichobaki kijana akakilipa kidogokidogo kwa kubeba mizigo bandarini Malindi. Kalipa mpaka senti ya mwisho, na barua ya kumaliza deni anayo, ina mhuri. Siku ile alikwenda nayo. Afisa kaisoma kwa heshima kubwa, kisha kamrudishia.

Sasa hebu niambieni, barua ile ni ya nini? Ya kutundika ukutani pamoja na picha za harusi?

Sigombi na kumbukumbu kuwekwa. Najua zamani mtu alikuwa anakopa Unguja, akishindwa anapanda boti, anakwenda kukopa tena Dar es Salaam kwa jina lile lile na uso mkavu. Na pesa zinazokopeshwa ni zetu, zangu mie na za yule mama anayeuza urojo akaweka chake kila Jumamosi. Benki Kuu ilipotoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012, ikawa wakopeshaji wanajuzana nani analipa na nani halipi, lilikuwa jambo la maana. Nimekubali. Tusonge.

Lakini aliyekimbia na deni na aliyeuza bangili za mama yake akalipa, wote wawili mbele ya afisa ni "taarifa za zamani". Hilo ndilo linalonitoa roho. Anayetazama ile kompyuta haulizi deni lilikwama kwa nini, haulizi lilimalizwaje, haulizi huyu mtu tangu amalize anaishi vipi. Ameona doa, inatosha, mwengine aje. Na walioandika hilo doa ndio hao hao waliotakiwa waandike kwamba limelipwa, maana mkopaji hana mkono kwenye daftari hilo. Kuandika kwamba umechelewa, wana haraka ya ajabu. Kuandika kwamba umemaliza, mara afisa anayehusika yuko likizo, mara faili liko makao makuu. Sheria inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kuzipinga zikiwa na kosa. Haya, mwambieni mvuvi wa Micheweni aliyechelewesha mkopo wa mashine kwamba ana haki hiyo, halafu mumwelekeze mlango wa kugonga. Mpwa wangu kasoma mpaka chuo, na siku ile hakuna aliyemwambia kuna ripoti anayoweza kuiomba.

Na tusijifanye tumesahau. Mei 2020 Benki Kuu yenyewe iliona hali, ikayaruhusu mabenki yawapangie upya mikopo wateja walioumizwa na korona, kila mmoja kwa hali yake. Jambo jema. Wa kwetu aliomba, akaambiwa asubiri, na alipokuwa anasubiri doa likaandikwa.

Nina mtoto wa mjomba yuko Columbus, Ohio. Nilimpigia kumlalamikia, akacheka, akaniambia hayo ya mpwa wako ndiyo yaliyonikuta mie. Kule karibu kila mtu mzima ana alama yake ya ukopaji, ile maarufu inaanzia 300 inaishia 850, na kilicho kizito zaidi ndani yake ni kama unalipa kwa wakati. Yeye alipopoteza kazi alama zikaporomoka, kila kadi anayoomba anakataliwa. Lakini hakuambiwa "mfumo". Kule mkopeshaji akikukatalia kwa sababu ya ripoti, sheria inamlazimisha akuandikie kwa nini, akutajie kampuni iliyotoa taarifa, na wewe una siku 60 za kuidai ripoti hiyo bure. Doa nalo lina umri. Sehemu kubwa ya taarifa mbaya hufutwa baada ya miaka 7, hata kufilisika mahakamani hakuzidi 10. Mbaya wako kule anajulikana jina na siku ya kufa kwake.

Kisha akapewa ngazi. Aliweka dola 200 benki, akapewa kadi ambayo mwisho wake dola hizo hizo 200. Asipolipa, benki inachukua amana yake, haipati hasara ya maana. Akilipa, inapeleka habari njema kila mwezi kwa yale makampuni yao matatu ya kumbukumbu. Yeye alikuwa ananunulia mafuta ya gari tu, analipa yote kabla ya tarehe. Baada ya kiasi cha mwaka wakamrudishia dola zake, wakampa kadi ya mkopo isiyotaka amana.

Msiniletee kwamba naisifu Marekani. Kadi zile zinawala watu, riba yake inapita asilimia 20 kwa mwaka, na moja ya makampuni hayo matatu, Equifax, mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147. Na riba ni riba, najua, masheikh wangu msiandike. Ila nanyi mwende mkaulize dirisha la Kiislamu la benki, lile lisilotoza riba, kama halitazami doa lile lile. Aya ya kumpa muhula mwenye dhiki tunaisikia kila darsa, sijaiona ikiingia kwenye kompyuta.

Wala hatuhitaji kwenda Ohio kujifunza. Vikundi vya kuweka na kukopa, hivi vya sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, vimejaa kila kijiji. Nimo kwenye kimoja. Mwenzetu mmoja alikwama, mumewe anaumwa, hisa za watu zikachelewa. Alipigwa faini, akasimamishwa kukopa, na maneno aliyasikia, hatukumpaka asali. Alipomaliza tukamwanzishia kidogo, kiasi cha kununulia unga na mafuta ya mandazi. Akarejesha. Tukamwongeza. Leo ndiye anayeshika funguo mmoja. Hatuna kompyuta, tuna wanawake wanaojuana, na tulilolijua ni kwamba mtu aliyekwishaungua kwa deni akajitoa mwenyewe anaogopa deni kuliko asiyewahi kukopa. Nenda hata kwa Mpemba wa dukani. Ubao wake unasema kukopa kesho, daftari lake liko chini ya meza, na ukimaliza anachora mstari mbele ya macho yako. Mstari ule umeuona. Keshokutwa unapewa mchele.

Kwa mikopo ya simu sina nafasi leo. Nitasema tu kwamba Novemba 2024 Benki Kuu iliyataja majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, na wale waliokuwa wanawatumia wakwe zako ujumbe kwamba wewe mwizi, kwa elfu thelathini, hawakosi kuwemo. Na sasa wametokea wengine, wa "kusafisha jina". Mpwa wangu kaletewa ujumbe na mmoja, lipa laki moja jina linang'aa kwa siku tatu. Jina halisafishwi hivyo. Kosa la kweli linapingwa kwa aliyeandika, bure, kwa barua yenye nakala, na atakayekuomba pesa kwa kazi hiyo anakuibia mara ya pili.

Tumeshaandika hiyo barua. Imeambatanishwa ile yenye mhuri, imepokelewa dirishani na nakala yetu ikagongwa, hilo nilisimama mwenyewe mpaka ligongwe. Na kadi nimeuliza. Kadi inayodhaminiwa na amana wanasema ipo, lakini amana wanayoitaka ni ya mtu ambaye hana haja ya kadi. Shusheni. Laki tano anazo, amezipata kwa kuwapandisha wageni boti la Mnemba msimu huu wote. Zichukueni mzifungie, mumpe kadi ya laki tano hizo hizo, na kila mwezi akilipa muandike, kwa haraka ile ile mliyoandikia siku alipochelewa.