Maelekezo Matatu, Mikono Miwili

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo akienda fildi, chuo humkabidhi barua ya utambulisho na fomu ya tathmini, basi. Vingine ajitafutie mwenyewe: ovaroli, buti za mpira, stetoskopu, na uvumilivu wa kuitwa "wewe" mpaka watu walizoee jina lake. Fomu yenyewe inatisha. Ina mahudhurio, ina usafi, ina mawasiliano na wafugaji, na mwisho kabisa ina "uwezo wa kufuata maelekezo". Hicho cha mwisho ndicho nilichokiwekea nadhiri. Nilijisemea: mengine Mungu anajua, lakini katika kufuata maelekezo hakuna atakayenishinda.

Hakuna aliyenishinda.

Kimo changu nikitaje mapema, maana kitahusika. Si cha kujivunia. Darasani, zamu yangu ya kusimama mezani kwenye upasuaji ikifika, mtu hutumwa kutafuta kreti. Ovaroli niliyoipata ilikuwa imeshonewa binadamu mwingine kabisa, kwa hiyo miguu niliikunja hadi ikawa na kola chini kama ilivyo na kola juu.

Msimamizi wangu alikuwa daktari wa siku nyingi, mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa maswali, na maswali yalikuja wakati umebeba kitu kizito. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika. Nilishika taa. Nilishika mkia. Nilishika mbwa ambaye mwenyewe aliapa kuwa hang'ati, kiapo alichokitoa akiwa amesimama mlangoni. Siku niliyoruhusiwa kusikiliza moyo wa paka nilitega masikio kwa makini, kisha nikatoa taarifa kwamba moyo sisikii, nasikia mashine ya kusaga. Daktari hakunijibu. Alifungua bomba la sinki lililokuwa kando ya paka. Paka akaacha kukoroma kwa raha zake, akaligeukia lile bomba kwa chuki, na moyo ukasikika wazi, mapigo karibu 200 kwa dakika, ambayo kwa paka aliyeletwa kliniki kwa nguvu si ajabu. Mbinu ya bomba haimo kwenye kitabu changu, na kitabu changu ukikiangusha mguuni unakwenda hospitali.

Sasa, Subira.

Simu ilipigwa kabla hakujapambazuka. Ng'ombe wa maziwa, amezaa jana, uzao wake wa nne, jioni alikuwa anayumba, sasa amelala na hanyanyuki. "Homa ya maziwa," daktari alisema kabla hata simu haijakatwa. Nilikabidhiwa chupa ya kalsiamu, mililita 400, niikumbatie njiani. Dawa hiyo haifai kuingia mshipani ikiwa ya baridi, na ndani ya gari lile hapakuwa na joto jingine zaidi ya la kwapa langu. Nikaitia kwapani. Maswali yakaanza.

Kwa nini ng'ombe anaanguka? Nikajibu kwamba akishazaa, kiwele huanza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye damu kwa kasi ambayo mifupa na utumbo haviwezi kuifidia kwa wakati, na misuli bila kalsiamu haifanyi kazi. Akina nani hupatwa zaidi? Wenye maziwa mengi, waliozaa mara ya tatu na kuendelea, na wa aina ya Jersey kuliko wengi. Nilikuwa natiririka. Chupa nayo ilikuwa inapata joto.

"Kabla ya kalsiamu kujulikana, walitibuje?"

Kimya.

"Walijaza kiwele upepo."

Nilidhani ananitania, kumbe ni historia. Mwaka 1897 daktari wa mifugo mmoja wa Denmark, Schmidt, alianza kuwatibu ng'ombe hawa kwa kuingiza dawa yenye iodini ndani ya kiwele, wakapona. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba hata hewa tupu inatosha, kwa sababu kiwele kikishajaa na kukaza, maziwa hayatengenezwi kwa kasi ile, na kalsiamu hubaki kwenye damu. Kwa hiyo watu wazima, wasomi, walikuwa wakiamka alfajiri na kwenda zizini na pampu. Nikamwona akilini mwanafunzi wa zama hizo, amesimama gizani, anaambiwa: wewe shika pampu.

"Na ishara za kupona, ukishaanza kumpa dawa?"

Hizo nilikuwa nazo kwa mpangilio. "Misuli hutetemeka, hupiga mbweu, hunya, kisha husimama."

"Vizuri. Utaziona."

Angesema utazipokea, ningejiandaa.

Tulimkuta Subira amelala kifudifudi, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi, macho yako mbali. Kipimajoto kilisoma 37.4, wakati ng'ombe mzima huanzia 38 kwenda juu. Kila kitu kilikuwa kama kwenye picha ya kitabu, nikafurahi kwa namna isiyo ya heshima kwa mgonjwa. Mwenye ng'ombe alikuwa mama mtu mzima, amejifunga khanga kiunoni, ameshika kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe ni daktari?"

"Mwanafunzi, mama."

"Basi usimguse."

"Atashika tu," daktari akamtuliza.

Daktari akachoma ile sindano nene kwenye mshipa mkubwa wa shingo, damu ikatoka kuonyesha kwamba amepata, akaunganisha mpira, akanipa chupa. Halafu akatoa maelekezo, na hapa naomba msomaji aniangalie vizuri, maana kesi yote iko hapa. La kwanza: chupa ikae usawa wa bega la ng'ombe, ikipanda sana dawa inakimbia, na kalsiamu ikikimbia moyo unaweza kusimama, ikishuka, damu inarudi kwenye mpira. La pili: stetoskopu isitoke moyoni, mapigo yakianza kuvurugika, niite. La tatu: usimwache.

Akaenda garini kuchukua chupa ya pili, ile ya kuchoma chini ya ngozi. Huko simu yake ikaita.

Nikabaki nimepiga magoti ubavu wa kushoto, mkono mmoja umeshika chupa, mwingine umebana stetoskopu nyuma ya kiwiko cha Subira, masikio yamezibwa. Mambo yalikwenda kwa mpangilio mzuri ajabu. Misuli ya bega ikaanza kutetemeka. Ishara ya kwanza, nikasema moyoni. Akageuza kichwa kunitazama, kwa mara ya kwanza kama mtu anayeniona, akapiga mbweu. Ng'ombe ana tumbo lenye ujazo wa lita mia na zaidi, na gesi iliyokuwa imekaa humo tangu jana yote ilipitia usoni mwangu. Ya pili. Huko nyuma nikasikia kitu kinaanguka kwa uzito. Ya tatu. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, kwa nguvu, na nilianza kuwaza kwamba pengine nina kipaji.

Ng'ombe hunyanyuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Hilo nalo ninalijua. Nyuma ikapanda, akasita kidogo amepiga magoti kama mimi, kisha mbele nayo ikapanda, na bega la Subira lilipopanda, elekezo la kwanza likapanda nalo. Nikasimama. Haikutosha. Nikasimama kwa vidole. Chupa bado ilikuwa na dawa ya kutosha, na upande wa pili wa uzio, ndama akalia.

Mama akaachia kamba palepale, kwa busara ya mtu aliyewahi kuburutwa. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo. Wahenga walisema subira huvuta heri. Huyu wa kwetu alinivuta mimi.

Ukitaka kujua nilivyokuwa, inama mpaka kichwa kifike kwenye mbavu za ng'ombe, nyoosha mkono mmoja juu kadiri utakavyoweza, halafu tembea upandeupande kwa mwendo unaoamuliwa na mtu mwingine. Tulivuka tope. Tope lilibaki na buti langu moja. Tulipita kando ya hori la maji, yaani Subira alipita kando, mimi nilipita ndani. Mkia, ambao ulikuwa umelala juu ya ishara ya tatu, sasa ulikuwa mzima na wenye afya, na kila hatua chache ulinifikia shingoni. Nikafumba macho. Kuona halikuwa miongoni mwa maelekezo.

Ila masikio yalikuwa kazini. Na humo ndani ya stetoskopu kulikuwa na vurugu: kwato, maji, tumbo linaloanza kunguruma, na mapigo, mapigo ya kasi ya kutisha. Nikakumbuka elekezo la pili.

"Daktari!" nikapiga kelele. "Moyo unakimbia!"

Kutoka getini ikaja sauti tulivu ya mtu aliyekuwa bado na simu sikioni. "Wa nani?"

Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa kwenye uzio. Mama alikuwa amewaita. "Njooni muone anavyomtembeza! Alikuwa amekufa huyu, mnaona sasa!" Mzee mmoja, mtu mwenye adabu zake, alitufungulia lango la kwenda kwa ndama na kusogea pembeni kutupisha, mimi na mgonjwa wangu. Kijana mwingine akauliza nikimaliza raundi hii nitageuka upande gani. Sikuwa na jibu la kitabibu.

Daktari alikuja bila haraka. Akabana mpira kwa vidole viwili, akachomoa sindano, akaukandamiza mshipa kwa dole gumba. Ilichukua muda mfupi kuliko kuusoma. Subira akaanza kumlamba ndama wake. Mimi nilikuwa bado nimeinua mkono.

"Unaweza kushusha."

Nikashusha.

"Kwa nini hukubana mpira?"

"Kwa mkono upi, Daktari?"

Akafikiri. "Ungetoa stetoskopu."

"Ulisema isitoke."

"Ungemwachia ng'ombe aende."

"Ulisema nisimwache."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye mguu usio na buti, akaguna, akaenda kuchoma ile dawa ya chini ya ngozi nyuma ya bega, huku Subira amesimama ametulia, mpole, kana kwamba mambo mengine yote niliyazua mimi. Mama akaelekezwa asimkamue maziwa yote siku ile, na amwangalie kwa karibu, kwa sababu baadhi ya ng'ombe huanguka tena ndani ya siku moja au mbili. Mama aliitikia kila kitu, lakini macho yalikuwa kwangu.

Msimamo wangu haujabadilika. Maelekezo yalikuwa matatu na mikono ni miwili. Wenzangu darasani wamenieleza mbinu chungu nzima ambazo wao wangetumia, za kukunja mpira kwa kidole kidogo cha mkono wa chupa, za kuushika kwa meno, na wote wamezieleza wakiwa wamekaa kwenye viti. Kwenye fomu, kipengele cha uwezo wa kufuata maelekezo, daktari hakuweka alama. Aliandika "umezidi". Mratibu wa mafunzo chuoni akaniita kuniuliza hiyo ni ngapi kwa mia.

Lakini kabla sijaondoka kule, simu ya kliniki iliita tena. Alikuwa yule mama. Subira mzima, anakula, anakamuliwa. Ni ng'ombe wa jirani yake sasa, amezaa, kalala vilevile, na wanaomba aletwe yule wa kutembeza.

Daktari akamweleza kwa upole kwamba kinachotibu ni dawa.

"Dawa sawa," nilisikia mama akisema, maana simu ilikuwa kwenye spika. "Lakini mje na yule mfupi."

Tukaenda. Safari hii daktari hakuondoka hatua moja. Dawa ikaingia taratibu, ishara zikaja moja baada ya nyingine, sindano ikatolewa, na baada ya muda ng'ombe akasimama mwenyewe, akajitikisa, akatulia. Tiba safi, ya kupigiwa picha. Nikaanza kufunga mpira.

Mwenye ng'ombe hakuonekana kuridhika. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akawatazama majirani aliowaalika, ambao wengine walikuwa wamekuja na watoto.

"Sasa kijana," akasema, "mbona humtembezi?"

Nikamgeukia daktari anitetee. Daktari alikuwa anachunguza kitu muhimu sana kwenye kucha zake.

"Mtembeze kidogo," akasema.

Nikashika kamba. Nikainua ile chupa, tupu, juu kabisa, nikaanza kumzungusha ng'ombe wa watu uwanjani, na watu wakaanza kupiga makofi. Hatukuwa tumefika hata kwenye kona ya kwanza mwenye ng'ombe alipotusimamisha kwa mkono.

"Na kile cha masikioni?"