Vizibo 21 mkononi, hasara kwenye leja

Katika darasa moja la uwekaji hesabu, kidato cha tatu, huku Nyakato, Mwanza, wanafunzi walicheza biashara ya dagaa. Fedha zilikuwa vizibo vya soda, kila kimoja shilingi 5,000, na karata zilikatwa kwenye manila. Msichana mmoja alianza na mtaji wa 50,000, akachukua dagaa wa 60,000 kwa mali kauli, yaani alipe baada ya kuuza, akawauza wote taslimu kwa 70,000. Kisha akachomoa karata ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo hakuna mzigo, lakini kodi ya kibanda, 15,000, lazima ilipwe. Akahesabu vizibo vyake: 21, yaani 105,000. Akaruka kwa furaha kwamba mtaji umezidi mara mbili.

Mwalimu akamwambia afungue leja, daftari la hesabu zake. Mwenye dagaa bado anamdai 60,000. Chake ni 45,000. Ana hasara ya 5,000.

Fasili ya mdai ingeandikwa ubaoni mara kumi isingemwingia vile. Ndiyo maana nawaelewa wanaotaka michezo iingie darasani. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alipochapisha kitabu chake Venice mwaka 1494, alieleza utaratibu wa debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, ambao wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiutumia tayari. Somo lilitoka sokoni. Mtoto ambaye mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, anaijua mali kauli kabla hajaifundishwa kwa Kiingereza.

Lakini wanaopinga wana hoja nzito, na sipendi inavyopuuzwa. Michezo mingi ya kompyuta hukataa palepale ukiingiza kitu upande usio wake. Karatasi ya mtihani haikatai. Tena urari, orodha ya kulinganisha jumla za pande mbili za leja, unaweza kulingana huku hesabu ni mbovu: umesahau muamala mzima, pande zote mbili, au friza ya kuhifadhia samaki umeiandika kwenye manunuzi badala ya mali ya kudumu. Jumla zinakaa sawa na mwanafunzi anatabasamu. Kosa la namna hiyo hulitambui mpaka umeshafanya maswali mengi kwa kalamu na rula, polepole, ukirudia. Mchezo wa kukimbizana zamu haujengi jicho hilo.

Kuna pia muda. Kipindi ni dakika 40, na kugawa karata kwa darasa lililojaa kunakula robo yake. Na mabishano yote huwa kwa Kiswahili, wakati majibu ya mtihani ni Kiingereza. Mwalimu asiporudi kuyaunganisha, uelewa unabaki mezani.

Kwangu mimi jambo linaamuliwa na kanuni moja ya mchezo: mshindi anapatikanaje? Akiwa ni mwenye fedha nyingi, tunawafundisha watoto kosa lilelile linaloua biashara nyingi ndogo. Kila zamu iandikwe kwenye daftari kabla mwenzako hajacheza, na ushindi usomwe kwenye mizania, yaani taarifa ya mali, madeni na mtaji. Karata za manila zinatosha kwa kazi hiyo, hasa kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni.

Mwalimu yule alifanya hivyo mzunguko wa pili. Aliyeshinda ni kijana aliyeanza na 50,000 kama wenzake, akabaki na vizibo 12, na hakuna aliyekuwa akimdai.