Doa kwenye pedi: safari ya kwanza ina kazi, ya tano haina

Saa tano usiku, choo cha shimo nyuma ya nyumba, simu imebanwa kwa meno ili tochi imulike na mikono ibaki huru. Kwa mwanga ule mweupe, doa jekundu na doa la kahawia hayatofautiani. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya wiki sita na siku chache ukihesabu kutoka hedhi ya mwisho. Alirudi ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniita kwa sauti ya chini: "Wifi, nimeona damu."

Kufikia alfajiri nyumba yetu hapa Busia, upande wa Uganda, ilikuwa na kambi mbili. Mama, ambaye kwake ni mama mkwe, alitaka alale tu, asinyanyue hata kikombe, anywe emmumbwa, dawa ya mitishamba iliyofinyangwa na udongo, na habari isivuke geti. Mimi nilitaka bodaboda iitwe kabla jua halijatoka. Kaka alisimama mlangoni na funguo mkononi, funguo ambazo wala hazikuwa za kitu tulichokihitaji.

Mabishano ya namna hiyo si mageni. Kila upande huamini kwamba mwenzake ndiye atakayesababisha mtoto apotee. Mimi niliingia nikiwa na uhakika wangu wote, na sasa naona kila kambi ilikuwa na ukweli, ila iliushikilia kwa sababu isiyo sahihi.

Tuanze na hesabu, maana hofu ya usiku haina hesabu. Takriban mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na zaidi ya nusu yao mimba huendelea hadi mtoto azaliwe. Mara nyingine damu hutoka mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi. Mara nyingine ni mlango wa kizazi, ambao wakati wa ujauzito hujaa damu na huguswa kidogo tu wakati wa tendo la ndoa ukatoa matone. Kuna maambukizi. Kuna damu iliyojikusanya kando ya mfuko wa mimba, ikawa inatoka polepole na kwa rangi ya kahawia. Na ndiyo, kuna mimba inayotoka. Mimba changa zinapoharibika, karibu nusu huwa zina kasoro ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, iliyokuwepo tangu yai na mbegu vilipokutana, kabla ya mzigo wowote kubebwa, kabla ya ugomvi wowote, na kabla ya jirani yeyote kukutazama kwa jicho baya.

Hapo ndipo mama anapopata pointi, hata kama yeye mwenyewe asingeieleza hivyo. Mimba changa ikishaanza kuharibika kwa kasoro kama hiyo, hakuna sindano, dripu wala kitanda cha hospitali kitakachoirudisha. Sisi wa kambi ya bodaboda hatupendi kulisema hili. Tunamkimbiza mwanamke kama vile kule kuna gundi ya kuishika mimba, halafu akirudi na panadol mkononi anajiona ametelekezwa. Hajatelekezwa. Tulimwahidi kitu ambacho hakipo.

Kwa nini basi bado nasema aende? Kwa sababu ya swali moja tu: mimba imekaa wapi?

Katika kila mimba mia, moja au mbili hutunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija. Mrija hautanuki kama kizazi. Ukipasuka, damu humwagika tumboni, ndani, mahali ambapo pedi haifiki. Ndiyo maana wingi wa damu unayoiona unaweza kukudanganya: nje ni doa la ukubwa wa shilingi, ndani ni lita. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia, na jambo moja ambalo watu hawalitarajii kabisa, maumivu ya ncha ya bega, kwa sababu damu iliyomwagika tumboni husumbua neva zinazopanda hadi huko. Mwanamke wa namna hii hahitaji kulala, anahitaji upasuaji.

Sasa pima umbali. Kituo cha afya cha ngazi ya pili au ya tatu, ambacho ndicho kilicho karibu na wengi vijijini, hakina chumba cha upasuaji. Hicho huanzia ngazi ya nne, na hata huko ni bahati kumkuta daktari, umeme na damu ya kuongezewa vyote kwa siku moja. Huduma kwenye vituo vya serikali ni bure tangu 2001, lakini bodaboda si bure, na saa nane usiku bei yake hupanda. Kwa hiyo anayesubiri "tuone kesho" anaamua pia, bila kujua, kwamba mambo yakiharibika ataanza safari usiku. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulionyesha kwamba chini ya thuluthi moja ya wajawazito Uganda walifika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa wengi, basi, doa hilo ndilo linalowafikisha kwa mkunga mara ya kwanza. Si njia nzuri ya kufahamiana, lakini ikiwa ndiyo iliyopo, itumike.

Tulienda asubuhi, mchana peupe. Kliniki ya binafsi, kwa sababu kituo cha karibu hakikuwa na mashine ya skani. Elfu thelathini. Kijana akapaka jeli, akazungusha kifaa juu ya tumbo, akakaa kimya muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Mfuko upo ndani. Hakuna mapigo." Akampa karatasi ya kujifutia.

Maneno mawili ya mwisho yalifuta yale matatu ya kwanza. Wifi hakusikia kwamba mfuko uko ndani ya kizazi, na hata kiini, kile kifuko cha kulisha mimba changa, kimeonekana ndani yake, yaani ile hofu kubwa, ya mrija, imeondoka mezani. Alisikia mtoto amekufa. Ukweli ni kwamba mapigo huanza kuonekana karibu na wiki ya sita kwa kipimo cha kupitia ukeni, na kwa kipimo cha juu ya tumbo unahitaji karibu wiki moja zaidi. Yai likiwa lilichelewa kupevuka siku tano tu, hesabu yako ya wiki sita imepungua. Ndiyo maana kanuni za madaktari ni kali hapa: mimba haitangazwi kuwa imekufa mpaka kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kifike angalau milimita 7 bila mapigo, au mfuko ufike milimita 25 bila kitu ndani. Chini ya hapo unarudi baada ya siku saba hadi kumi na nne. Kijana yule hakukosea alichokiona. Alikosea kuishia hapo.

Na hapa ndipo nilipobadilika mimi. Siku ileile jioni wifi alitaka twende kliniki nyingine. Siku ya tatu akataka nyingine tena, ng'ambo, upande wa Kenya, ati mashine zao ni mpya. Nilimwelewa. Skani ni kama kumpigia simu mtu aliye safarini: kila ukikosa kumpata unapiga tena. Lakini kiinitete hukua kwa kiasi cha milimita moja kwa siku, na hakiharakishwi na noti. Safari ya kwanza ilikuwa na kazi. Ya pili, baada ya siku kumi, itakuwa na kazi. Zote zilizo katikati, mashine haina jibu, ina bei tu, isipokuwa kitu kibadilike mwilini.

Sitaki kuidharau nguvu ya skani inayofanywa kwa wakati wake. Mapigo yakionekana, hata kwa mwanamke ambaye bado anatokwa na matone, takriban tisa kati ya kumi huendelea vizuri. Utulivu wa namna hiyo unastahili pesa zake.

Turudi kwenye kitanda cha mama. Watafiti wamekusanya majaribio yaliyowahi kufanywa kuhusu kulala ili kuzuia mimba isitoke, na hawakupata ushahidi kwamba kulala kunasaidia. Mimi mwenyewe nimepita njia hii mara mbili. Ya kwanza nililala wiki mbili, nikageuzwa kama mgonjwa wa kiharusi, na ikatoka. Ya pili sikulala hata siku moja, duka halikuwa na mtu, na huyo sasa yuko darasa la tatu. Hiyo si takwimu, ni maisha yangu tu, lakini imenifanya nisiwe na subira na yeyote anayemwambia mwanamke kwamba alibeba ndoo ndiyo maana.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watafiti hawakulipima. Wifi huteka jerikani nne kwa siku, lita ishirini kila moja, kutoka bombani hadi jikoni. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kumwambia apumzike mpaka doa lilipomwambia. Kwa wanawake wengi huku, amri ya "lala" ndiyo ruhusa pekee ya kuketi waliyowahi kupewa, na kuiondoa kwa jina la sayansi kunamrudisha bombani, hakumkombolei chochote. Msimamo wangu ni huu: asilazwe kitandani kama mgonjwa, atembee, ale, akae na watu, lakini jerikani zibebwe na mwingine. Haitaishika mimba. Itampumzisha mtu aliyechoka, na hiyo inatosha.

Dawa je? Kuna homoni ya projesteroni, ambayo baadhi ya maduka ya dawa humpa yeyote anayetaja neno damu. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2019 liliwafuatilia wanawake 4,153 waliotokwa na damu mimba changa. Waliopewa projesteroni walizaa watoto hai kwa asilimia 75, waliopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani asilimia 72, tofauti ambayo huenda ni bahati tu. Ila kwa waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa 72 dhidi ya 57. Tangu 2021 mwongozo wa kitabibu wa nchi hiyo unapendekeza dawa hiyo kwa mwenye damu ambaye aliwahi kupoteza angalau mimba moja, na skani imethibitisha kwamba mimba iko ndani ya kizazi. Kwa wifi, ambaye hii ni mimba yake ya kwanza, ni kununua matumaini kwa bei ya dukani.

Kuhusu emmumbwa nitasema kwa ufupi kwa sababu mama atasoma. Mitishamba iliyofinyangwa na udongo haina kipimo, na baadhi ya majani yanayotumiwa huku ndiyo yaleyale yanayoharakisha uchungu wa kuzaa. Homa ikiambatana na damu, usitafute mti, pima malaria siku hiyohiyo. Malaria yenyewe inaweza kuiharibu mimba, na dawa za kutibu katika miezi ya mwanzo zipo.

Limebaki jambo linalowafanya wengi wabaki nyumbani hata wanapojua wanatakiwa kwenda. Ni swali la nesi: "Umekunywa nini?" Sheria ya jinai ya Uganda inaadhibu utoaji mimba, na mwanamke anayefika akitokwa na damu analijua hilo. Rafiki yangu mmoja aliulizwa hivyo mbele ya foleni nzima, kwenye kituo nisichokitaja, na hakurudi tena. Kwa upande wa nesi, swali lina maana: dawa aliyokunywa mtu hubadilisha matibabu. Lakini lina mahali pake, nyuma ya pazia, na lina sauti yake. Kumtibu anayetokwa na damu si kosa, iwe mimba imetoka yenyewe au vipi, na mwanamke anaruhusiwa kujibu, "Sikunywa kitu, naomba niangaliwe."

Na ile siri ya mama? Hapa nimemwachia nusu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema uuoneshe mtaa mzima. Ukiwaambia watu ishirini, kila asubuhi utajibu "bado inatoka?" mara ishirini. Tuliwaambia wawili nje ya nyumba: mkunga, na kijana wa bodaboda anayelala jirani, ambaye aliambiwa tu kwamba anaweza kuamshwa. Kaka alipewa kazi ya kuhakikisha simu ina chaji na elfu hamsini haziguswi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipumua. Tendo la ndoa limewekwa kando mpaka damu ikatike.

Wifi alikuwa anaenda chooni kila robo saa kuchungulia. Tukakubaliana: pedi nyeupe, kuangalia asubuhi, mchana na jioni, kwa mwanga wa jua inapowezekana, na simu isipelekwe tena chooni usiku isipokuwa tumbo linauma. Kwenye karatasi nyuma ya mlango kumeandikwa yatakayotutoa nje saa yoyote: pedi mbili kulowa ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, maumivu ya upande mmoja au ya bega, kuzimia, homa, uchafu wenye harufu. Kisichokuwa kwenye karatasi kinasubiri tarehe.

Leo ni siku ya sita kati ya kumi. Jana asubuhi kulikuwa na doa la kahawia, dogo kuliko kucha. Leo pedi ya mchana ilikuwa safi, ya jioni hajaniambia, na mimi sijamuuliza. Mpwa wangu anaingia na jerikani ya tatu, analalamika.